Maiki Namba Saba

Jumamosi iliyopita nilitolewa kwenye ukumbi wa harusi hapa Moshi kama mlevi, na sikuwa nimeonja hata mbege. Mdogo wake bibi harusi alipewa maiki awaimbie maharusi. Mimi nilikuwa nimekaa meza ya karibu na mitambo. Nikamwona kijana wa miksa, kofia kageuza nyuma, anakishusha taratibu kile kidude cha kuteleza kinachopandisha sauti, cha maiki ya yule binti, mpaka chini kabisa. Kisa? Emsii alimkonyeza. Emsii alitaka kuendelea kuongea yeye. Binti akaimba ubeti mzima huku watu wanatafuna nyama, hakuna aliyegeuka.

Nikasimama nikamwendea. "Mpandishe."

"Mzee, kakae. Nimeagizwa."

Aliposema hivyo mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye miksa, na wale mabaunsa wawili wakanibeba juu juu hadi nje, viatu vikigusa ngazi moja moja. Mke wangu alinifuata na mkoba wake pamoja na sahani yangu.

Kwa hiyo nyie mnaojifunza kazi hii sasa, mnaonipigia simu kuniuliza spika gani ni nzuri, leo siwaambii habari za spika. Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie. Huyo kijana wa kofia simlaumu peke yake. Nilimkasirikia kwa sababu nilimjua. Nilikuwa yeye kwa muda mrefu kuliko umri wake.

Naitwa Elisante. Nimefanya ufundi mitambo zaidi ya miaka thelathini, makanisani, kwenye misiba, kwenye kampeni, kwenye mabendi. Aliyenifundisha ni Mzee Sifaeli wa Machame, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, aliyekuwa anatengeneza redio za washarika kabla kanisa halijanunua spika. Miezi mitatu ya kwanza hakuniruhusu kugusa kitu chochote isipokuwa waya. Kukunja na kukunjua. Ukiukunja kwa kuuzungusha kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi, nyuzi za ndani zinajisokota, siku ya sherehe zinakatika. Unaufuata unavyotaka kulala wenyewe, mzunguko mmoja hivi, mwingine kinyume chake. Mpaka leo nikiona mtu anakunja waya kwenye kiwiko natamani kumchapa.

Kitu cha pili alichonifundisha ni kutembea. "Usikae kwenye mashine kama kuku anayeatamia," alikuwa ananiambia. "Nenda mpaka kwa mtu wa mwisho kabisa, yule bibi aliyekosa kiti, simama naye, sikiliza anachosikia yeye." Huku kwetu upepo unaoshuka mlimani alasiri unakupokonya sauti nyembamba. Karibu na spika unasikia kila kitu, huko nyuma watu wanasikia mngurumo tu. Hilo hutalijua kwa kuangalia taa za kijani na nyekundu.

Makosa nimefanya mengi, na mengine nayacheka. Harusi moja Kibosho nilisahau kuzima maiki iliyolala kwenye meza ya wazee. Mjomba wa bibi harusi akaonja mbege ya wakwe, akamwinamia jirani yake akasema, "Hii si pombe, haya ni maji waliyooshea ndizi." Kihamba kizima, nyumbani hadi migombani, kikasikia. Ng'ombe tu ndio hawakugeuka. Wakwe walitaka kuondoka na pipa lao. Mzee Sifaeli alinizaba kofi palepale mbele ya mchungaji, halafu mwenyewe akaenda nyuma ya migomba kucheka.

Kosa lile ni la usahaulifu. Katika hili nitakalowasimulia sasa, sikusahau chochote.

Mzee Sifaeli alipofariki, nikapata kazi kwa Bosi Aloyce. Huyu alikuwa na bendi, na mitambo yote ilikuwa yake. Kila Jumapili alasiri walipiga kwenye baa yenye bustani, njia ya kwenda Njoro. Mwimbaji mkuu alikuwa mdogo wake, Prosper. Prosper alikuwa mtanashati, viatu vyeupe, anajua kucheka na watu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nasema hivi bila chuki, ndivyo masikio yangu yalivyoniambia.

Kisha akaja Ndeshi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili hivi, kutoka Machame, aliyelelewa kwenye kwaya ya kanisa. Mjini alikuwa anafuma masweta ya shule kwa mashine, chumba kimoja na mashine nyingine tano, na akina dada wale waliniambia baadaye kwamba walikuwa wanamwomba aimbe ili wasisikie kelele za mashine. Mtu anayeweza kuimba juu ya mashine sita mnamwelewa? Bosi Aloyce akamchukua awe mwitikiaji, asimame nyuma ya Prosper upande wa kushoto. Nikampa maiki namba saba.

Jumapili yake ya kwanza, wimbo wa pili, alipoitikia kiitikio nikaona wahudumu wamesimama na sinia mkononi. Sikuwa nimempandisha. Nilikuwa nimemweka sawa na wenzake, basi. Watu wakaacha kumwangalia Prosper.

Kwenye mapumziko Bosi Aloyce akanijia, akanishika bega kwa upole. Hakufoka. Angefoka labda ningebishana.

"Fundi, yule msichana anamfunika Prosper. Watu wanakuja hapa kwa ajili ya Prosper. Mshushe."

"Kiasi gani, bosi?"

Hilo ndilo nililouliza. Miaka yote ile na masikio yote yale, nikauliza kiasi gani.

"Mpaka nisimsikie."

Nikamshusha. Kwenye spika zinazotazama watu alitoka kama pumzi. Kwenye spika ndogo iliyo miguuni pake pale jukwaani nikamwachia ajisikie vizuri, ili asijue. Mnaelewa ubaya wake? Ufundi wangu wote niliutumia ili asijue. Akawa anaimba kwa moyo wote, anajisikia mwenyewe, anadhani bustani nzima inamsikia na haimpendi. Kila wimbo ukiisha alikuwa anawatazama watu kwa macho ya mtu anayejiuliza amekosea wapi. Wiki kwa wiki. Miaka miwili.

Mwaka wa pili mama yake alishuka kutoka Machame kumsikiliza. Alivaa kitenge cha umoja wa wanawake, akakaa nyuma kabisa na soda yake, mgongo umenyooka kama yuko ibadani. Mimi nilikuwa nimeacha kutembea siku hizo, nilikaa kwenye mashine kama kuku. Lakini siku ile nilimtazama yule mama tangu mwanzo mpaka mwisho. Baadaye Ndeshi akanijia.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba."

"Fundi, mama anasema aliniona nafungua mdomo, lakini hakunisikia. Maiki yangu ina shida?"

Nikamjibu, "Ni waya huo. Umechoka."

Na ili uongo ukae vizuri, nikauchomoa waya wenyewe, mzima, nikampa aone. Nilidhani itaishia hapo. Yeye akaukunja, vizuri kabisa, akautia kwenye mkoba. Jumapili iliyofuata alikuja mapema kuliko sote. Alikuwa ameupeleka kwa fundi redio wa Njoro, jamaa ninayemfahamu.

"Ameuchomelea upya pande zote mbili," akaniambia, anatabasamu. "Sasa utakuwa sawa, eh?"

Nikauchomeka mbele yake. Nikasema asante. Halafu bendi ilipoanza nikamshusha palepale alipokuwa.

Yule fundi wa Njoro nilikutana naye sokoni siku chache baadaye. Alinisalimia, akashika ndizi kana kwamba anazichagua, akasema bila kunitazama, "Ule waya haukuwa na ugonjwa."  Nilimkasirikia yeye! Nilirudi nyumbani namlalamikia mke wangu kwamba watu wa Njoro wanapenda umbea.

Sasa kuna bendi mnaijua wote, Mtikisiko, wale wa roki kutoka Dar. Wakati ule mwimbaji wao alikuwa amewakimbia katikati ya ziara, na mpiga gitaa wao, dada mmoja mfupi anayeitwa Tatu, ndiye aliyekuwa kiongozi. Walikuwa wanazunguka mikoani yeye akiimba mwenyewe kwa kujilazimisha. Walipofika Moshi wakakodi mitambo ya Bosi Aloyce, wakakubali bendi yetu ifungue. Onyesho lilikuwa saa kumi uwanjani. Saa sita mchana tukawa tunajaribu vyombo, jua linawaka, uwanja una mafundi seremala, wauza maji na mbuzi wawili.

Bendi yetu ikapanda kwanza. Tatu akaja kukaa na mimi kwenye miksa, ana kaptula na miwani ya jua.

"Shikamoo mzee wangu. Naweza kuzoea mashine yako kidogo?"

Nikampa hedifoni. Kwa msiojua: kwenye kila maiki kuna kitufe ambacho ukikibonyeza, fundi anaisikia maiki ile peke yake masikioni, hata kama kwa watu imeshushwa kabisa. Kile kitufe hakidanganyi. Tatu akaanza kubonyeza moja moja, kwa mazoea tu, huku anatikisa kichwa kufuata ngoma. Gitaa. Besi. Prosper, hapo akakunja pua kidogo. Kinanda. Akabonyeza namba saba.

Akaacha kutikisa kichwa. Akavua miwani. Akaikandamiza hedifoni kwa mikono yote miwili, akatazama jukwaani, akatazama spika kubwa, akatazama tena jukwaani.

"Namba saba ni nani?"

"Mwitikiaji tu."

"Mbona umemzima?"

"Bosi ndivyo anavyotaka."

Alinitazama. Nimetazamwa vibaya na watu wengi katika kazi hii, na mabwana harusi, na maaskari, na wachungaji. Sijatazamwa vile.

"Mzee wangu, wewe una masikio kweli?"

Akanyoosha kidole, akakisukuma kidude cha namba saba juu mpaka nusu.

Sauti ya Ndeshi ikatoka uwanjani kote. Seremala mmoja akashusha nyundo. Prosper akageuka nyuma kama mtu aliyeguswa bega. Na Ndeshi mwenyewe, aliposikia sauti yake inamrudia kutoka kwenye ukuta wa mbali wa uwanja, akanyamaza katikati ya neno. Akaishusha maiki. Akaitazama. Kisha akanitazama mimi.

Bendi ikaacha kupiga kipande kwa kipande. Bosi Aloyce akaja anakimbia, anapiga kelele, "Rudisha chini! Fundi, rudisha chini!" Tatu hakuondoa kidole chake. Akamwambia tu, "Kaka, subiri kwanza."

Na mimi? Najua mnangoja niwaambie kwamba hapo niliamka nikamtetea. Watu wengi nimewaacha waamini hivyo. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Kilichomwokoa Ndeshi ni kidole cha mtu aliyekutana na mashine yangu robo saa kabla.

Ndeshi akashuka jukwaani, akakatiza uwanja mzima mpaka kwenye miksa. Hakuniamkia.

"Fundi, ni waya?"

Nikaanza kupangusa vumbi kwenye miksa.

"Nauliza. Miaka miwili, ni waya?"

Bosi Aloyce akaingilia, "Ndeshi, hayo ni mambo ya ofisi, rudi ukaimbe."

Hakumgeukia hata kidogo. Alikuwa ananingoja mimi. Nikatazama chini, kwenye taa za kijani na nyekundu. Akangoja mpaka ikatosha, kisha akamwambia Tatu, "Dada, naomba uiache hapohapo," akarudi jukwaani, akaimba wimbo uleule tangu mwanzo. Aliuimba kwa hasira. Maneno yalikuwa ya mapenzi, lakini hakuna aliyepokea mapenzi pale.

Alasiri ile Mtikisiko walimwita kwenye wimbo wao wa mwisho. Msiamini zile video mnazotumiana kwenye simu kwamba uwanja ulilipuka. Hakuzoea magitaa mazito namna ile, akalazimisha sauti kooni, ubeti wa tatu ikapasuka. Watu wengine walicheka. Prosper alicheka kwa sauti. Tatu alimfuata nyuma ya jukwaa, nikamsikia kwa masikio haya akimwambia, "Koo tutalifundisha. Hicho kingine hakifundishiki. Unakuja Dar au huji?"

"Naja. Nikamuage mama kwanza."

Yaliyofuata nimeyapata kwa mama yake na kwa mpiga ngoma wa Mtikisiko. Ndeshi alikaa nyumbani kwa Tatu miezi saba bila kupanda jukwaani, anafundishwa kupumua, kusimama, kupiga kelele bila kuumia. Wakati huo mitandaoni wanamwita mwanakwaya, wanauliza huyu wa migombani ataimba roki gani. Onyesho la kwanza wakaanza kuita jina la mwimbaji wa zamani, chupa za maji zikarushwa. Moja ikampiga kifuani. Mpiga ngoma anasema alitaka kusimama, lakini alimwona Ndeshi anaisogelea maiki badala ya kurudi nyuma, akajua lazima aendelee kupiga. Ndeshi alimaliza nyimbo zote kumi na moja. Wa kumi na mbili hawakuwa wameupanga, watu waliudai.

Leo hii watoto wa Machame wanateremka shule wanaimba nyimbo zake, na sura yake mnaijua kuliko ya diwani wenu. Bosi Aloyce anakwenda redioni anasema, "Sisi ndio tuliomlea." Anasema hivyo bila kukohoa! Ningekuwa na mawe siku niliyomsikia, redio ya mke wangu ingepona kwa bahati.

Lakini nisijifanye bora. Niliendelea kumfanyia kazi Aloyce mpaka mgongo ulipokataa kubeba spika. Na katika kipaimara kimoja, mwaka juzi, mzee wa kanisa alinisimamisha mbele ya watu akasema, "Huyu ndiye fundi aliyemtoa Ndeshi wetu!" Wakapiga makofi. Nikainama, nikatabasamu, nikapokea. Nilikula machalari, ndizi na nyama za watu, nikiwa nimeketi mezani pa wageni wa heshima. Nilipofika nyumbani nikashindwa kumweleza mke wangu kwa nini siongei.

Krismasi iliyofuata Ndeshi alipanda kwao, kama sisi Wachaga wote tunavyopanda. Nikachuma jani la sale kwenye uzio wangu, nikaenda Machame. Nyie mliokulia mjini mjue: kwetu ukimpelekea mtu sale unaomba msamaha, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Ndiyo maana nililichuma. Nilitaka kitu ambacho hawezi kukikataa.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamkatia ng'ombe majani, kanga kiunoni, kichwa amekifunga kitambaa. Mama yake alinikaribisha, akaona nilichoshika, akaingia ndani.

"Shikamoo," akasema Ndeshi.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na..." nikalinyoosha lile jani.

Alilitazama. Hakulipokea.

"Hilo litanilazimisha, fundi. Liweke chini."

Nikaliweka juu ya jiwe la kunolea.

"Sasa sema kwa mdomo."

Nikaanza, "Mwanangu, wakati ule Bosi Aloyce aliniagiza..."

"Hapana." Hakupandisha sauti. "Aloyce sijamwuliza. Mkono ulikuwa wa nani?"

Nina miaka sitini na nane. Nimezungukwa na maneno ya watu maisha yangu yote, nimeyapandisha na kuyashusha. Lile langu likanichukua muda mrefu mno kutoka, na ng'ombe akawa ameshamaliza fungu lake la kwanza.

"Wangu," nikasema. "Nilikuwa nakusikia. Tangu Jumapili ya kwanza nilikuwa nakusikia vizuri kuliko mtu yeyote, na nikakuzima. Nikakudanganya kwamba ni waya. Nikamwacha mama yako akae pale."

Akakata majani mengine, akayatupa horini, akapangusa panga kwenye kanga.

"Haya. Nimekusikia."

Mama yake akatoka na kikombe cha maziwa, akanipa. Nikanywa nimesimama. Ndeshi akaendelea na kazi yake. Hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikuuliza.